Kuomba ruzuku ya serikali kwa sanaa, urithi na vikundi vya jamii: anzeni na ripoti ya mwisho

Vikundi vingi huandika ombi la ruzuku kwa kufuata mtiririko wa fomu: historia ya kikundi, malengo, shughuli, halafu bajeti inayokokotolewa usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Geuzeni mpangilio huo. Tafuteni kwanza fomu ya ripoti ya mwisho ya programu ya ruzuku mnayoiomba. Mara nyingi huwekwa pamoja na mwongozo wa waombaji, na isipokuwepo, iulizieni kwenye ofisi husika. Fomu hiyo ndiyo inayoonyesha mfadhili anahesabu nini: waliohudhuria na namna ya kuthibitisha, fedha zilikokwenda na stakabadhi zake, kilichojengwa au kurekodiwa na anayekitunza. Ahadi isiyoweza kuonyeshwa kwa karatasi, picha au daftari la mahudhurio haiwaongezei alama, na mkipewa fedha itawasumbua hadi siku ya kufunga mradi.

Fedha hizi ni za kazi gani

Ruzuku ya mradi hulipia kazi yenye mwanzo na mwisho: tamasha, maonyesho, mafunzo, ukarabati wa paa. Ruzuku ya uendeshaji hulipia pango, mishahara na umeme, na kwa kawaida hupewa taasisi zenye hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa. Ruzuku ya majengo na vifaa vya kudumu ndiyo yenye masharti marefu kuliko zote. Huenda mkazuiwa kuuza mali hiyo au kubadili matumizi yake kwa miaka mingi baada ya mradi kwisha. Ipo pia misaada isiyo ya fedha, kama ukumbi wa bure au mtaalamu wa serikali kukagua jengo lenu, na mara nyingine hiyo ina thamani kuliko hundi ndogo.

Kosa linalojirudia ni kuingiza gharama za uendeshaji kwenye programu ya miradi. Kikundi kinaandika "pango la ofisi, miezi 12" kwa mradi wa miezi 4. Mtathmini anaifuta miezi 8 isiyohusika, na kwa kuwa fedha hiyo ndiyo iliyotegemewa kumlipa mratibu, bajeti nzima inapinda.

Angalieni pia nani anaamua. Katika baadhi ya nchi fedha za sanaa hupitia baraza lenye uhuru wake, na miradi hupimwa na majopo ya watu wa fani. Ndivyo zinavyofanya Canada Council for the Arts iliyoanzishwa 1957 na National Endowment for the Arts ya Marekani ya 1965. Jopo la wasanii hutazama sampuli ya kazi kwa jicho kali kuliko maelezo yote, kwa hiyo video yenye sauti mbovu hudhuru zaidi ya aya dhaifu. Kwingine uamuzi hufanywa na maafisa wa wizara au serikali ya mtaa, na hao huanzia kwenye usajili, bajeti na jinsi mradi unavyoingia kwenye mpango wa maendeleo wa eneo. Andiko moja halitawaridhisha wote wawili.

Fedha nyingine haziombwi na kikundi kabisa. Chini ya Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika (kama ngoma, simulizi na ufundi wa asili), msaada wa kimataifa huombwa na nchi mwanachama. Kikundi kinachotaka kunufaika nao kinapitia idara ya utamaduni ya serikali yake, na maandalizi yake huchukua muda mrefu. Msikae mkiusubiri kulipia shughuli ya mwaka huu.

Kabla dirisha la maombi halijafunguliwa

Maombi mengi huanguka kabla hayajasomwa, kwa sababu ya nyaraka. Kinachohitajika karibu kila mahali ni hati ya usajili ambayo haijaisha muda, katiba, orodha ya viongozi na tarehe walipochaguliwa, hesabu za mwaka uliopita, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, namba ya mlipakodi na muhtasari wa kikao kilichoidhinisha ombi hili mahususi. Jina lazima lifanane herufi kwa herufi kwenye karatasi zote hizo. Kama katiba inasema "Chama cha Wachongaji" na benki inasema "Umoja wa Wachongaji", mfumo wa malipo utakataa hata baada ya ninyi kushinda, na kubadilisha jina benki kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Watia saini wa akaunti wawe angalau wawili, wasiwe mume na mke au ndugu.

Katiba isomeni upya mkiwa na kalamu. Programu nyingi hutaka kifungu kinachosema mali itakwenda wapi kikundi kikivunjwa, na kinachokataza faida kugawanywa kwa wanachama. Katiba za vikundi vilivyoanza kama vyama vya kuweka na kukopa huwa na kifungu cha kugawana, na hicho peke yake kinatosha kuwaondoa.

Kikundi kisicho na usajili kinaweza kuomba kupitia taasisi mlezi. Andikeni makubaliano kabla ya kuomba: mlezi anakata asilimia ngapi, analipa ndani ya siku ngapi baada ya kupokea hati ya malipo, vifaa vitabaki kwa nani, na mkaguzi akija nani anamjibu. Bila karatasi hiyo ugomvi huanza siku fedha inapoingia.

Andiko lenyewe

Kuhusu uandishi hatuna mengi, kwa kuwa ukishajua ripoti inataka nini andiko huwa fupi. Semeni tatizo kwa hesabu mliyoihesabu wenyewe. "Vijana wengi hawajui ufundi wa asili" ni sentensi ya kila ombi. "Mafundi 7 wanaojua kazi hii wamebaki katika kata mbili, na 5 kati yao wamepita umri wa miaka 60" ni sentensi inayoweza kukaguliwa, ilimradi mmeenda kuwahesabu kweli.

Lengo liwe na idadi, tarehe na uthibitisho. Badala ya "kuhamasisha jamii kuhusu urithi wake", andikeni "vijana 20 kumaliza warsha 6 na kila mmoja kutengeneza ala moja inayopigika ifikapo mwisho wa mwezi wa 5, uthibitisho ni daftari la mahudhurio na picha ya kila ala ikiwa na namba yake". Na jihadharini na hesabu ya watu. Kijana mmoja aliyehudhuria warsha 6 ni mshiriki mmoja na mahudhurio sita. Kikundi kinachoahidi "washiriki 120" kikimaanisha mahudhurio kitaonekana kimekosa washiriki 100 wakati wa ripoti.

Barua za kuungwa mkono zina uzito pale tu zinapotaja kitu. Barua inayosema "tutatoa ukumbi wa viti 120 kwa siku 6 bila malipo" inaingia kwenye bajeti. Barua kumi zenye maneno yaleyale na saini tofauti zinamwambia mtathmini kwamba mmeziandika ninyi.

Bajeti, mahali maombi yanapofia

Kila kifungu kionyeshe hesabu yake: idadi mara siku mara kiwango. Tuchukue zile warsha 6 za siku moja moja, zenye vijana 20, wakufunzi 2 na waratibu 2, kwa vizio vya fedha visivyo vya nchi yoyote:

Wakufunzi kufundisha: 2 × siku 6 × 50 = 600
Wakufunzi kuandaa: 2 × siku 2 × 50 = 200
Chakula: watu 24 × siku 6 × 4 = 576
Nauli za vijana: 20 × 6 × 3 = 360
Ukumbi: siku 6 × 40 = 240
Vifaa vya kutengenezea: 20 × 15 = 300
Uratibu: miezi 3 × 100 = 300

Jumla ni 2,576. Tazameni vifungu viwili ambavyo husahaulika. Chakula ni cha watu 24, kwa sababu wakufunzi na waratibu nao wanakula. Na maandalizi ya wakufunzi yamelipiwa. Yasipolipiwa, fundi anafika siku ya kwanza hana mpango, na siku mbili zinapotea kutafuta malighafi. Akiba ya dharura, programu ikiiruhusu, huwa asilimia ndogo ya jumla. Kwa asilimia 5 hapa ni 128.8. Isiporuhusiwa msiifiche kwa kuongeza bei za chakula, maana mtathmini ana bajeti nyingine arobaini mezani za kulinganisha na yenu.

Bei zitoke kwenye ankara kifani, yaani karatasi ya bei anayoitoa muuzaji kabla ya kuuza, si kwenye kumbukumbu. Angalieni tarehe yake: ankara kifani nyingi hudumu siku 30, lakini kutoka kuomba hadi kulipwa inaweza kupita nusu mwaka. Ulizeni kama bei ina kodi ya ongezeko la thamani ndani yake. Kikundi kisichosajiliwa kwa kodi hiyo hakirejeshewi, kwa hiyo bei ya kuandika ni ile yenye kodi. Ulizeni pia kuhusu kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji huikata kabla ya kulipa, kwenye malipo ya wasanii. Mkikubaliana na msanii 500 na sheria inadai mkate asilimia fulani, lazima ijulikane mapema kama 500 ni kabla au baada ya makato. Wasanii wengi huahidiwa kiasi cha mkononi, na tofauti inaishia kutafutwa mfukoni mwa mwenyekiti.

Kisha kuna mchango wa kikundi, sehemu inayokosewa kuliko zote. Miongozo husema "asilimia 20" bila msomaji kujali asilimia 20 ya nini. Mkiomba 8,000 na mchango ni asilimia 20 ya gharama yote ya mradi, mradi unagharimu 10,000 na mnachangia 2,000. Ikiwa ni asilimia 20 ya ruzuku, mnachangia 1,600 na mradi unagharimu 9,600. Tofauti ya 400 inatosha kuwafanya mkose sifa. National Endowment for the Arts hudai zaidi: kwa ruzuku zake kwa taasisi, kila dola ilinganishwe na angalau dola moja kutoka kwingine, na fedha nyingine za serikali kuu ya Marekani hazihesabiwi kama mchango. Sharti la namna hii lipo katika programu nyingi, kwa hiyo kabla ya kuhesabu fedha za ofisi moja ya serikali kama mchango kwa ofisi nyingine, pateni jibu la maandishi.

Mchango usio wa fedha taslimu hukubaliwa pale unapoweza kupimwa. Saa za kujitolea zihesabiwe kwa kiwango ambacho mngemlipa mtu kwa kazi hiyohiyo. Mhasibu anayejitolea kubeba viti anahesabiwa kama mbeba viti. Tengenezeni karatasi ya saa yenye jina, tarehe, kazi, muda wa kuanza na kumaliza, na saini mbili, na ijazwe siku ileile. Karatasi ya miezi mitatu iliyojazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja haimdanganyi mkaguzi yeyote. Ukumbi mliopewa bure hauwezi kuonekana kama mchango na papo hapo kulipiwa na ruzuku. Vifaa mlivyonunua mwaka jana navyo havihesabiwi kwa bei yake yote. Kinachokubalika, pale kinapokubalika, ni thamani ya kuvikodi kwa siku za mradi.

Gharama yoyote iliyotokea kabla ya mkataba kusainiwa, hesabuni kwamba haitarudishwa. Hata kama barua ya pongezi imeshafika.

Miradi ya urithi ina ugumu wake

Kwa jengo la kihistoria, kibali cha mamlaka ya mambo ya kale hutangulia kila kitu, na programu nyingi hazipokei ombi lisilo nacho au angalau namba ya maombi ya kibali. Muda wake uwekwe kwenye mpangokazi. La pili ni vifaa. Kuta za zamani za mawe laini au matofali zilizojengwa kwa chokaa hupumua, na maji yanayoingia hutoka kupitia viungo vyake. Zikipigwa plasta ya saruji unyevu hufungiwa ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache plasta hubanduka ikiwa imeshikilia uso wa jiwe. Ndiyo maana wahifadhi hudai chokaa, na ombi linaloandika "saruji" kwenye jengo la namna hiyo hurudi.

Lakini chokaa hubadilisha ratiba na bajeti. Mchanganyiko wa kawaida ni kipimo 1 cha chokaa kwa 2½ hadi 3 vya mchanga. Hupigwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikisubiri iliyotangulia ishike, na hutunzwa na unyevu kwa siku kadhaa ikikingwa jua kali, upepo na mvua. Kwa hiyo panahitajika magunia ya kufunikia, maji, na mlinzi wa kazi hiyo, na kazi isiangukie katikati ya mvua. Mkandarasi aliyezoea saruji hukadiria wiki 3 kwa kazi itakayochukua mara mbili yake, halafu ripoti inachelewa na awamu ya mwisho ya fedha inazuiliwa.

Miradi ya kurekodi na kudijitisha huanguka kwenye hifadhi. Saa moja ya sauti ya stereo isiyobanwa, kwa kilohezi 96 na biti 24, hula takriban gigabaiti 2; kwa kilohezi 48 ni gigabaiti 1. Ukurasa wa A4 uliopigwa skani kwa rangi kwa dpi 400 (nukta 400 kwa kila inchi) na kuhifadhiwa kama TIFF, aina ya faili ya picha, isiyobanwa ni takriban megabaiti 46. Kurasa 10,000 ni gigabaiti 460 hivi, na nakala tatu, moja ikiwa nje ya jengo, zinakaribia terabaiti 1.4. Fanyeni hesabu hiyo kabla ya kuandika "diski 1" kwenye bajeti. Diski nazo hufa, kwa hiyo taasisi itakayopokea nakala (maktaba, nyaraka za taifa, chuo) itajwe kwa barua, pamoja na aina ya faili inazopokea. Wekeni pia saa za kuandika maelezo ya kila faili: nani anasikika, wapi, lini, lugha gani. Rekodi isiyo na maelezo hayo haimsaidii mtu, na kazi ya kuyaandika huweza kuchukua muda mrefu kuliko kurekodi.

Ridhaa ya wenye urithi ichukuliwe kabla ya kamera kuwashwa. Mkataba wa 2003 hutaka nchi zinapopendekeza urithi uorodheshwe zionyeshe kwamba jamii husika imeridhia kwa hiari, mapema na ikiwa na taarifa kamili. Programu za ndani zinaelekea hukohuko. Fomu ya ridhaa iseme rekodi itatumika wapi, nani anaweza kuiona, kama itauzwa, na mtu akibadili nia afanye nini. Mambo ambayo hayaruhusiwi kuonwa na kila mtu yawekwe kando kwenye fomu tangu mwanzo. Kurudi baadaye kufuta video iliyokwisha kusambaa hakuwezekani.

Mkataba na fedha inavyoingia

Someni ratiba ya malipo kabla ya kusaini. Ikiwa ruzuku ya 10,000 inalipwa kwa awamu za asilimia 50, 40 na 10, ile 1,000 ya mwisho inakuja baada ya ripoti kukubaliwa, na ripoti haikubaliwi mpaka gharama zote ziwe zimelipwa. Kwa hiyo kikundi kinahitaji 1,000 yake mwenyewe ya kumalizia. Programu za kurejesha gharama ni nzito zaidi, kwani mnalipa kila kitu kwanza. Kikundi kisicho na akiba kiombe kidogo au kipange kazi kwa vipande, badala ya kukopa kwa riba ambayo ruzuku hailipi.

Fungueni akaunti ya mradi au angalau daftari lake peke yake. Kila malipo yawe na viambatisho vyake: hati ya malipo iliyoidhinishwa, ankara, stakabadhi, na uthibitisho kwamba kitu kilipokelewa. Kuhamisha fedha kutoka kifungu hadi kifungu kwa kawaida huruhusiwa hadi asilimia fulani iliyotajwa kwenye mkataba. Zaidi ya hapo ombeni kibali kabla ya kutumia. Afisa anayeulizwa mapema hukubali mara nyingi. Anayekuta fedha ya nauli imenunua spika hana la kufanya ila kudai irudishwe.

Manunuzi yakizidi kiwango fulani yanadai nukuu za bei kutoka kwa wauzaji watatu au zabuni. Kuyakata manunuzi vipande viwili ili yapite chini ya kiwango ni jambo ambalo wakaguzi hulitafuta kwa makusudi. Na kama muuzaji ni kampuni ya kiongozi wa kikundi, litangazeni kikaoni, aondoke wakati wa uamuzi, na muhtasari useme hivyo. Hata bei yake ikiwa ya chini kuliko zote.

Ripoti

Ikiwa mlianza na fomu yake, sasa mnaijaza tu. Washiriki wakipungua, semeni wamepungua. Vijana 17 badala ya 20 maana yake chakula cha 3 × 6 × 4 = 72 na nauli ya 3 × 6 × 3 = 54 havikutumika; jumla 126 irudishwe au iombewe matumizi mengine kwa barua. Kinachozua ukaguzi ni daftari lenye saini 17 na chakula cha watu 24. Stakabadhi za karatasi ya joto hufutika ndani ya miezi, zipigeni nakala siku ileile. Vifaa vilivyonunuliwa vipewe namba na viingizwe kwenye daftari la mali lenye jina la anayevitunza. Mafaili yote yakae kwa miaka inayotajwa kwenye mkataba, ambayo mara nyingi ni 5 au zaidi, na yasikae nyumbani kwa katibu.

Mkinyimwa

Ombeni alama na maoni ya watathmini kwa maandishi. Programu nyingi huyatoa, na vikundi vichache huyadai. Alama zikiwa chini kwenye kigezo kimoja, rekebisheni hicho na muombe tena kwenye dirisha lijalo mkiwa na bei mpya. Zikiwa chini kila mahali, huenda programu hiyo haikuwa yenu, na muda wa kuandika upya utumike kutafuta nyingine. Rufaa ina maana pale tu utaratibu ulipokiukwa, kwa mfano hati iliyopakiwa kuhesabiwa haipo. Hapo ambatanisheni risiti ya mfumo yenye tarehe na saa, na muiwasilishe ndani ya muda uliowekwa na mwongozo.